Kilo Sifuri Saa Nane Mchana

Siku ya Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, mkaguzi wa mizani alisimama kwenye sinki la jikoni na bilauri ya maji mkononi, tayari kumeza kidonge chake cha kwanza cha kupunguza mafuta kwenye damu. Kabla ya kukimeza alikipima. Alikuwa na mizani ndogo ya sonara, mali yake mwenyewe, na mizani hiyo ikamwambia kwamba kidonge kilichoandikwa miligramu ishirini kilikuwa na uzito mara sita ya huo. Akakirudisha kwenye pakiti, akavaa viatu, akaenda kugonga kioo cha duka la dawa lililokuwa ndiyo kwanza linafunguliwa.

"Hii iliyozidi ni nini?" akamuuliza mfamasia.

"Ni unga tu wa kukishikilia kidonge, baba. Dawa yenyewe ni kidogo mno, ingekupotelea mkononi."

"Unga wa nini?"

Mfamasia, dada mpole ambaye alikuwa bado hajanywa chai, alimwambia ameze dawa yake aende kazini. Akaimeza pale pale, kwa shingo upande, macho yakiwa kwake.

Kazini walimwita Bwana Gramu, naye hakulichukia jina hilo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na sokoni akikagua mawe ya mizani. Kila jiwe la mizani lina tundu chini, na ndani ya tundu mna risasi, yale madini laini ya kijivu, yaliyojazwa mpaka uzito utimie. Jiwe likipungua huongezwa risasi, likizidi hupunguzwa kwa tupa, kisha hugongwa mhuri wa mwaka. Miaka ishirini na miwili ya kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba kila anayesimama nyuma ya mizani ameweka kidole chake juu yake, na somo hilo alirudi nalo mpaka nyumbani. Alimshuku muuza maziwa. Alimshuku fundi saa. Alimshuku mkewe kwa habari ya chumvi, na huyo mke alikuwa amechoka kujitetea tangu mtoto wao wa pili aote meno.

Daktari naye hakupona.

"Tumbo litakusumbua wiki za mwanzo," daktari alikuwa amemwambia. "Gesi, kuharisha kidogo, au choo kugoma kabisa. Wengine hawapati chochote. Meza ukiwa umekula, punguza vya kukaanga, kunywa maji. Lakini usiache bila kuniambia, umenisikia?"

"Na wewe unapata nini nikizimeza?"

"Napata mgonjwa anayerudi kwa miguu yake. Kaka yako alikuwa na miaka mingapi alipoanguka?"

"Hamsini na miwili."

"Na wewe?"

"Hamsini na mmoja na miezi saba."

"Basi meza."

Tumbo likaanza siku ya tatu. Liliunguruma kwenye kikao cha wafanyakazi, likapiga mluzi kwenye foleni ya benki, na usiku likazungumza peke yake hata mkewe akahamia upande wa ukutani. Bwana Gramu akaacha maziwa, akaacha vitunguu, akawa anakunywa maji ya moto yenye tangawizi kila baada ya chakula na kutembea kuzunguka nyumba mara kumi na mbili akijisugua kitovu. Haikusaidia kitu. Akaanza kuchungulia sufuria.

"Umenitilia nini kwenye mchuzi?"

"Maji, nyanya na subira," akasema mkewe. "Subira inakaribia kwisha."

Wiki ya pili mkanda wake ulihama matundu mawili, na hapo ndipo alipoona kwamba ngazi za ofisi anazipanda bila kuhema. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye mizani ya magunia iliyokuwa nyuma ya ofisi, akajipima, akaandika kwenye daftari. Saa mbili asubuhi alikuwa na kilo sabini na nane, kama siku zote. Saa nne zilikuwa sitini na moja. Saa sita, thelathini na tatu. Saa saba u nusu, baada ya chakula, mshale ulisimama kwenye sita, na saa nane kamili ukafika sifuri, naye hakuwa tena juu ya mizani bali shubiri moja hewani, daftari mkononi. Akaendelea kupanda polepole mpaka bega lake likagusa dari.

Aliishuku mizani. Alikaa kule juu akiitazama kwa zaidi ya saa mbili. Saa kumi na robo gesi ilipoanza kutoka, alishuka, akaenda msalani, akakaa huko kwa muda mrefu, kisha akaifungua mizani ya magunia parafujo kwa parafujo. Ilikuwa nzima.

Wenzake ofisini hawakuwa na neno, isipokuwa habari ya feni. Feni ya darini ilibidi izimwe kuanzia saa nane kasorobo isije ikamkata, na mchana ule ndio uliokuwa na joto kuliko saa zote. Katibu muhtasi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alijipepea kwa jalada na kusema kwamba kila mtu ana ugonjwa wake, lakini si kila mtu anawatoa wenzake jasho.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Inakuinua mpaka wapi?"

"Mpaka dari."

"La ofisini au la nyumbani?"

"La ofisini."

"Lina futi ngapi?"

"Kumi."

Daktari akaandika kwenye kadi: gesi ya wastani. Akamwambia avumilie wiki mbili, mwili utazoea, na kwa sasa atafute kitu kizito cha kujifunga.

Bwana Gramu alifanya kama alivyoambiwa, ila kwa vipimo. Alichukua mizani ya ndoano, mpya kabisa, bado ina lakiri ya kiwandani, akaifunga chini kwenye mguu wa kabati la chuma na juu kwenye mkanda wake, akasubiri saa nane. Ilionyesha kwamba anavutwa juu kwa nguvu ya kilo tisa na nusu. Siku ya pili tisa na nusu, na ya tatu vile vile. Basi akajaza mfuko wa mchanga, kilo kumi barabara kwa mizani hiyo hiyo ya ndoano, akaufunga kiunoni, na mchana ule aliketi kwenye kiti chake kama watu, akagonga mihuri kumi na minne.

Ijumaa mfuko ulionekana umelegea, au yeye aliuona hivyo. Alimkazia macho mfagizi. Aliinama akaona chembe tatu za mchanga karibu na mlango. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa nane, na katika ofisi nzima kulikuwa na kitu kimoja tu chenye uzito wa kilo kumi ambacho hakuwahi kukishuku.

Kitu hicho ni jiwe mama. Lilikuwa la shaba, la kilo kumi, limelala ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu, na sanduku lilikaa ndani ya kabati la kioo. Mawe yote ya mji, ya chumvi, ya nyama, ya misumari, yalipimwa kwa hilo. Ofisini walilinyanyua kwa glavu, kwa mpini wake wa juu, usawa wa kiuno na si zaidi, wakaliweka kwenye sahani ya mizani na kulirudisha. Kanuni ya kwanza waliyofundishwa wote siku ya kuajiriwa ilikuwa kwamba jiwe mama halipinduliwi, halikwanguliwi wala halipimwi, kwa sababu hakuna cha kulipimia. Lilikuwa limetoka ofisini mara moja tu, miaka miwili nyuma, Mkuu wa Idara alipolichukua Ijumaa kwenda kuling'arisha na kulirudisha Jumatatu likiwa linawaka.

Bwana Gramu akavaa glavu, akalitoa, akalifunga kiunoni kwa kamba, akaketi. Saa nane kamili kiti kikabaki tupu. Alipanda taratibu, akiwa wima, jiwe mama likining'inia chini yake.

Wafanyakazi wanne na Mkuu wa Idara, ambaye alikuwa amepita kuulizia kalamu, waliinua vichwa kumtazama kama walivyozoea. Hivyo wote watano waliona, kwa mara ya kwanza, jiwe mama linavyoonekana kwa chini. Lilikuwa na tundu la kutosha kuingiza kidole gumba. Ndani ya tundu hamkuwa na risasi. Ukingo wake ulikuwa na mikwaruzo ya patasi, na buibui alikuwa amejenga humo.

"Shuka," akasema Mkuu wa Idara.

"Siwezi kabla ya saa kumi na robo, mkuu."

Mkuu wa Idara akapata kalamu yake, akaondoka.

Kule juu Bwana Gramu alikuwa na saa mbili na robo za kufikiri, na hakuhitaji zote. Mwaka uliopita, katika ukaguzi wa mwaka, kila jiwe la kilo kumi katika mji lilikuwa limemtokea na gramu mia nane za ziada. Kila jiwe, bila kukosa, gramu zile zile mia nane! Mtu mwenye akili timamu angejiuliza jambo moja. Bwana Gramu alijiuliza jingine: alidhani wafanyabiashara wote wa mji wamekula njama. Aliwapa tupa, nao wakayapunguza mawe yao wakinung'unika kwa adabu, wengine wakicheka pembeni, maana jiwe likipungua muuzaji hapungukiwi na kitu. Ni mnunuzi anayefika nyumbani na unga usiofika kilo.

Mmoja tu alikataa. Mama wa nafaka, mjane, mwenye duka la pembeni lenye mlango wa bati la bluu. Jiwe lake la chuma alilirithi kwa mama mkwe wake, na alisema halitaguswa na tupa wakati yeye anapumua. Bwana Gramu aliandika ripoti kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri: jiwe limezidishwa kwa hila, ili kuwapunja wakulima anaponunua nafaka kwao. Duka likafungwa kwa kufuli la serikali, jiwe likachukuliwa. Mama akakata rufaa. Rufaa yake ilikuwa isikilizwe Alhamisi ijayo, saa saba u nusu mchana, na akishindwa hangeruhusiwa kufanya biashara yoyote ya mizani maisha yake yote, na jiwe lingepelekwa kuyeyushwa.

Aliona aibu. Tuseme wazi, aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na kule juu hapakuwa na pa kuficha uso.

Jumatatu waraka ulibandikwa ukutani. Ulisema kwamba, kwa ajili ya kulinda heshima ya mtumishi anayeugua, ni marufuku mfanyakazi yeyote kuinua macho juu ya usawa wa kabati wakati Mkaguzi yuko hewani. Wote walitia sahihi. Bwana Gramu naye alitia sahihi, kwa kuwa karatasi ilimpitia.

"Wewe uliliona tundu," alimwambia katibu muhtasi.

"Niliona nini?" akasema mama yule, akifuta miwani yake. "Mimi nina wajukuu watatu nyumbani, baba. Wananitegemea. Sioni mbali."

Jioni hiyo alirudi kwa daktari, na safari hii daktari alibadilisha utaratibu. Nusu kidonge, usiku badala ya asubuhi, katikati ya chakula na si kabla wala baada. Akamkataza maharage na kabichi. Dawa ikatulia. Jumanne saa nane aliinuka mpaka usawa wa meza tu, na Jumatano visigino pekee ndivyo vilivyoacha sakafu. Mkewe alirudi upande wake wa kitanda. Mkuu wa Idara alipita dirishani, akamwona ameketi, akampungia mkono kwa furaha ambayo Bwana Gramu hakuipenda hata kidogo.

"Naona umepata nafuu," akasema Mkuu. "Kesho pumzika nyumbani. Rufaa ni jambo dogo, tutaipima wenyewe."

"Mimi ndiye shahidi, mkuu."

"Ripoti yako inatosha. Imeandikwa vizuri."

Jioni ya Jumatano alikwenda kwa mama wa nafaka. Alimkuta uani, mikono imezama mpaka kwenye viwiko katika beseni la nguo za watu, maana tangu duka lifungwe alikuwa anafua. Mama hakusimama.

"Umekuja kupima nini tena?"

"Nimekuja kusema, mama. Jiwe lako ni zima."

"Hilo nalijua. Mwaka mzima nalijua."

"Jiwe la ofisi ndilo bovu. Limetobolewa chini."

Mama akakamua shati, akalitikisa, akalitundika. Alikuwa akimtazama kwa jicho ambalo Bwana Gramu alilifahamu vizuri, kwa sababu ndilo jicho alilozoea kuwatazamia watu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Kesho ndiyo rufaa, na leo wewe huyo, unakuja na maneno matamu. Unataka niseme jambo la kijinga mbele ya kikao? Niwatukane watu wakubwa wanifunge?"

"Usiseme chochote. Nitawaonyesha mimi."

"Utawaonyeshaje jiwe ambalo haliruhusiwi kupinduliwa?"

Akamweleza kuhusu vidonge. Mama alisikiliza akiendelea kufua. Alipomaliza aliuliza swali moja tu, kama dawa hiyo inauma, naye akajibu kwamba haiumi sana, ila inajaza.

"Marehemu mume wangu naye alizimeza," akasema mama. "Yeye hazikumfanya kitu. Haya. Njoo basi kesho, nikuone."

Usiku alimwomba mkewe ampikie maharage. Mkewe alimwangalia, akaangalia kadi ya daktari iliyobandikwa kwenye friji, akamwangalia tena.

"Baba watoto, wiki tatu umenishuku kwamba nakuharibu tumbo. Leo unataka nikuharibu kwa idhini?"

"Na kabichi."

"Kuna mwanamke katika jambo hili?"

"Yupo. Nilimfungia duka."

Mkewe akaloweka maharage. Asubuhi Bwana Gramu alimeza kidonge kizima tumbo likiwa tupu, akangoja nusu saa, akala sahani mbili, akaenda kazini ameshika reli ya ngazi kwa mikono yote miwili.

Rufaa ilisikilizwa katika ukumbi ule ule wa ofisi. Mbele waliketi Mkuu wa Idara na wajumbe wawili waliovaa tai, kila mmoja na karatasi zake. Mezani palikuwa na mizani kubwa ya sahani mbili, upande mmoja jiwe mama, upande wa pili jiwe la chuma la mama wa nafaka. Mama alikaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, amevaa gauni lake la kutokea, mikono imeparara kwa sabuni. Katibu muhtasi alizima feni bila kuambiwa.

Mizani iliinama upande wa mama wa nafaka. Mjumbe wa kwanza akaandika. Mjumbe wa pili akaandika.

"Kuna mwenye la kuongeza?" akauliza Mkuu wa Idara, huku akikunja karatasi yake.

"Ninalo," akasema Bwana Gramu. Ilikuwa saa nane kasoro dakika moja. Alivuka ukumbi kwa hatua tatu, na ile ya tatu haikugusa sakafu. Akashika mpini wa jiwe mama kwa mikono miwili, bila glavu.

"Liweke chini."

Alikuwa ameshapita usawa wa kabati. Siku hiyo alipanda kwa kasi, kama povu la maziwa yanayochemka, na mgongo wake ukatua kwenye dari juu ya meza ya kikao. Akanyoosha mikono chini kadiri ilivyofika, jiwe mama likawaning'inia juu ya vichwa vyao, tundu likiwatazama.

"Waheshimiwa," akasema, "tazameni juu. Ni hilo tu. Inueni macho mtazame."

Mkuu wa Idara alikuwa anasoma karatasi yake. Mjumbe wa kwanza alikuwa anasoma ya kwake. Mjumbe wa pili, ambaye ya kwake ilikuwa imekwisha, aliipindua akawa anasoma upande usioandikwa. Wafanyakazi waliosimama ukutani walitazama viatu vyao, na kila kiatu kilikuwa na jambo la kutazamwa.

"Risasi imechimbwa," akasema Bwana Gramu. "Gramu mia nane. Mji mzima unanunua kilo isiyotimia. Mama huyu hakumpunja mtu. Mimi ndiye niliyeandika uongo, ingawa sikujua. Tazameni, tafadhali."

Buibui akatoka tunduni. Alishuka kwa uzi wake taratibu, akapita mbele ya paji la uso wa Mkuu wa Idara, akatua kwenye karatasi. Mkuu akampuliza. Karatasi zilitaka kupeperuka, naye akazigandamiza kwa kipande cha risasi cha kijivu, kinene kama kidole gumba, ambacho siku zote kilikaa kwenye meza yake kwa kazi hiyo.

Ukumbini mtu mmoja tu ndiye aliyeinua macho. Mama wa nafaka alikuwa amesimama kwenye kiti chake, ameshika kichwa, shingo imekunjika nyuma, akitazama kwa muda mrefu.

"Nimeliona," akasema. "Nimeliona, baba. Shuka usije ukaumia."

"Mrufani aketi," akasema Mkuu wa Idara, na akasoma uamuzi. Kikao kimelinganisha mawe mawili mbele ya mrufani. Jiwe lake limeonekana kuzidi. Hakuna ushahidi mwingine ulioonekana. Rufaa imetupwa, jiwe liyeyushwe, na mrufani asishike mizani ya biashara tena. Wajumbe walitia sahihi. Mmoja aliuliza kama kutakuwa na chai.

Jiwe mama lilikuwa bado juu. Katibu muhtasi aliletewa ile fimbo ndefu yenye ndoano ya kufungulia madirisha ya juu, akafumba macho, akapapasa hewani mara mbili tatu mpaka ndoano ikaingia kwenye mpini, akavuta. Vidole vya Bwana Gramu vilikuwa vimekufa ganzi, vikaachia. Jiwe lilifutwa alama za mikono, likalazwa kwenye kitambaa chake chekundu, kabati likafungwa. Bwana Gramu, alipopungukiwa na uzito ule, alijibamiza darini kwa kishindo, akabaki hapo.

Watu walitoka. Mama wa nafaka hakutoka. Alisogea mpaka katikati ya ukumbi, akasimama chini yake, akazungumza akiwa ameinua uso.

"Siku ile ulipokuja dukani kwangu na kufuli," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mama. Naapa."

"Na sasa unajua."

"Sasa najua."

"Na Jumatatu utakuja kazini?"

Bwana Gramu alifikiria moyo wake, na kaka yake, na vidonge ambavyo bima ya ofisi ndiyo iliyovilipia. Alifikiria maharage.

"Basi ilikuwa afadhali siku ile," akasema mama. Akachukua mkoba wake, akaenda kumalizia nguo za watu kabla jua halijazama.

Saa kumi na robo alishuka. Akaenda msalani, akanawa uso, akarudi kwenye meza yake. Kwenye benchi walikuwa wameketi watu watatu wakisubiri mhuri wa mwaka. Wa kwanza alikuwa muuza mchele aliyehamia kutoka mji mwingine wiki hiyo, na jiwe lake lilikuwa safi, na lakiri ya huko alikotoka ilikuwa haijaguswa. Bwana Gramu akavaa glavu, akafungua kabati, akatoa jiwe mama, akaliweka kwenye sahani. Mizani ikainama upande wa muuza mchele.

"Limezidi?" akauliza yule mtu kwa mshangao. "Huko walilipima juzi tu."

Bwana Gramu alitazama mizani kwa muda. Kisha akavuta droo, akampa tupa.